Robo ya Kikombe

Daktari Kahemela alimlaza Shombo kwenye mizani,
akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.
Kilo saba na nusu.
"Mama, huyu unamlisha nini?"
Nikasema: tunachopata.
Akainama akaandika, akaandika,
kama mtu anayemwandikia mwenzake barua ya kumwachisha kazi.

Vichwa vya vibua, basi.
Wali wa jana, basi.
Maziwa, basi: yanamharisha tu.
Robo kikombe saa kumi na mbili asubuhi,
robo kikombe saa kumi na mbili jioni,
na katikati, maji.
"Lakini usimgeuzie ghafla," akasema,
"kijiko kimoja cha kipya kwa vitatu vya zamani,
kisha viwili kwa viwili. Siku kumi.
Tumbo halipendi kushtuliwa."

Magomeni, nikatafuta pa kuibandika karatasi.
Sumaku ya friji ni moja,
na chini yake ipo karatasi ya Mwinshehe, mwaka wa nne huu,
wino umekuwa rangi ya chai:
sukari, hapana; chumvi, hapana; mafuta, kidogo sana.
Nikaibana ya paka juu yake.
Sumaku ikashika zote mbili.

Siku ya kwanza Shombo alikula samaki,
akaziacha punje ukingoni mwa sahani
moja moja, safi, kama shanga za tasbihi iliyokatika.
Kesho alizila zote, zake na za mwenzake.
(Kesho ni yule mwembamba. Tulisema tutamrudisha kesho;
ana miaka sita humu ndani.)
Ikabidi mmoja alie jikoni, mmoja afungiwe bafuni.

Siku ya nne, Kondo akapiga kengele ya baiskeli,
mkononi kijifuko cha vichwa, cha bure, kama siku zote.
Nikamwambia hatuchukui tena.
"Mmegombana?"
Shombo alikaa kizingitini, masikio yamesimama,
akaifuata ile kengele kwa masikio tu
mpaka ilipozimikia huko Mwembechai.

Bi Mwatano wa mlango wa pili akaja kuazima pasi,
akaona kikombe, akaona mfuko.
"Paka anapimiwa? Na mfuko huo bei gani?"
Nikamtajia nusu ya bei.
Akajishika kichwa kwa hiyo nusu.

Siku ya sita, saa tisa usiku, Shombo akaanza kulia.
Hakulilia jikoni.
Alilia chini ya meza, mbele ya kiti cha Mwinshehe,
shingo juu, macho pale pale
ambapo mkono wa mtu hushuka.

Nikakaa gizani na kanga yangu, nikapiga hesabu.
Mchicha usio na chumvi, kila jioni.
Samaki wa kuchemsha, mweupe kama pamba ya hospitali.
Sahani ilirudi imeng'ara,
nami kliniki nikajisifu mbele ya manesi:
wangu mimi hasumbui, anakula chote.
Kumbe chini ya meza kuna mtu ananenepa.

Na Kondo alikwisha kuniambia, siku ya arobaini,
akidhani ninajua:
kila magharibi mzee alisimama kwenye meza ya pweza,
vipande vitano, pilipili, chumvi ya kumwaga,
halafu anapangusa midomo, anarudi nyumbani kwenye diko langu.

Nikacheka peke yangu mpaka Shombo akanyamaza kunitazama.
Kisha sikucheka.

Leo siku ya kumi na moja. Kilo saba na robo.
Daktari amesema vizuri, polepole.
Saa kumi na mbili jioni nimepima, nimemimina,
amekula punje zote, bila furaha, kama mtu anayemeza dawa.
Halafu akaenda chini ya meza akakaa.

Nimevuta kile kiti, nimekikalia.
Nimeushusha mkono, mtupu.
Ameunusa. Ameramba kidole kimoja, kile cha kuonjea mchuzi.

Bafuni Kesho anakwaruza mlango.
Amemaliza zamani.